Mbona Leo Umewaficha?

Katika ushirika wetu wa Kiswahili hapa Maskati, watu huitana kwa mahali wanapofanyia kazi. Kaka anayepika kwenye hoteli kubwa ya pwani ni Bustan. Mama anayesafisha ofisi kule mji mkongwe ni Maskati, ingawa Maskati tunaishi sote. Mimi huitwa Mwalimu tu, kwa kuwa shule ninayofundisha hesabu ilihama mtaa mara mbili na watu wakachoka kunibadilisha jina. Na dada mmoja kutoka Morogoro, aliyekuwa akimtunza bibi mtu mzima katika kijiji cha wavuvi nyuma ya majabali, tulimwita Sidab.

Jumapili yetu ni Ijumaa. Ndiyo siku ya mapumziko, kwa hiyo Wakristo wa kila lugha hukusanyika siku hiyo katika uwanja wa makanisa, mtaa wa Ruwi, na vyumba hugawanywa kwa zamu. Sisi tulipewa chumba cha ghorofani baada ya chakula cha mchana, Wafilipino wakiwa wametoka sasa hivi na viti bado vina joto lao. Chumba cha pili walisali Wakristo wa Kiarabu, Wamisri na Walebanoni na wengine. Kati yetu ulikuwa ukuta mwembamba. Wao walituvumilia tulipoimba, nasi tuliwavumilia waliposali. Kwa miaka nimeusikia mlio wa sala zao bila kuelewa neno, nikauzoea kama unavyouzoea mlio wa kiyoyozi.

Ijumaa moja, tulipokuwa tunapanga viti, Sidab alibaki nyuma akiwa ameshika kiti kimoja bila kukiweka popote.

"Mwalimu, Bibi ameniuliza jambo, nimeshindwa."

"Jambo gani?"

"Anasema, 'Mwanangu, miye nnakupenda. Lakini kila alfajiri nnakusikia ukutani, ukianza kusali unawataja watatu. Hao wote unawaabudu? Maana nnakuogopea kesho akhera.' Nikamwambia, Bibi, si watatu, ni Mungu mmoja. Akasema, 'Kha! Mbona nimehisabu?'"

Tulicheka, naye akacheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba halikuwa swali la mabishano. Bibi yule alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa mwari. Wanawe walizungumza Kiarabu wao kwa wao na Kiswahili cha haraka na mama yao, wakipita. Sidab ndiye aliyeshinda naye kutwa, wakisemezana kuhusu mapishi ya samaki, maradhi, na mizaha ya Unguja ya zamani. Walipendana. Na mmoja wao aliamini kwamba mwenzake anakwenda kupotea.

"Sitaki kumbadilisha," Sidab alisema. "Naye hajaniambia nibadilike. Nataka ajue tu kwamba simwabudu mwingine. Ni mgonjwa, Mwalimu. Asije akaondoka na hofu hiyo juu yangu."

Nakumbuka nilimwambia jambo hilo linawezekana kabisa, na kwamba swali aliloulizwa jikoni kwa upendo, mtu hulijibu jikoni kwa upendo. Niliamini hivyo. Naamini hivyo hata leo.

Bustan, ambaye husikia kila kitu hata akiwa mlangoni, alirudi ndani. "Mbona rahisi? Mwambie Mungu ni kama yai. Ganda, ute, kiini. Vitatu, yai moja. Mimi navunja mayai kila asubuhi, najua ninachosema."

Kabla sijasema neno, Sidab alikuwa amelibeba yai lile kwenda nalo nyumbani. Ijumaa iliyofuata alirudi nalo limevunjika.

"Bibi ameniuliza, 'Nikilivunja hilo yai lako nikatoa kiini, kile kiini ni yai?' Nikasema hapana, ni kiini. Akasema, 'Na ganda si natupa jaani? Basi katika Mungu wako, lipi ganda?'"

Chumba kizima kiliangua kicheko. "Huyo bibi," Bustan alisema, akijipiga paji la uso, "huyo alistahili kuwa mchungaji."

Nikawaambia Bibi ana haki. Yai ni vipande, na Mungu hana vipande. Tunaposema Baba ni Mungu, hatusemi ni theluthi ya Mungu. Mama Maskati naye akatoa mfano aliofundishwa kwao, wa maji, barafu na mvuke. Mfano ule ni mzuri zaidi, nikamwambia, lakini nao una tundu. Maji yakiwa barafu huwa yameacha kutiririka, kana kwamba Mungu ni mmoja anayebadilisha nguo, leo Baba, kesho Mwana. Sasa fikirini siku ya ubatizo pale Yordani. Mwana amesimama majini, Roho anashuka mfano wa hua, na sauti ya Baba inasikika kutoka juu. Wote wapo kwa wakati mmoja, na mmoja anazungumza habari za mwingine kwa upendo. Hakuna anayebadilisha nguo pale.

"Sasa nimwambie nini?" Sidab aliuliza.

"Usianze na watatu," nikamjibu. "Anza na Mmoja, kwa sababu ndiko Biblia inakoanzia. Anza pale anaposimama Bibi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Ijumaa ya kwanza tulifungua Kumbukumbu la Torati, pale Israeli wanapoambiwa wasikie kwamba Bwana ni mmoja, nasi tukaona jinsi Yesu mwenyewe, alipoulizwa amri iliyo kuu, alivyoanza na maneno hayohayo. Watu walioandika Agano Jipya karibu wote walikuwa Wayahudi, waliofundishwa maneno hayo tangu wakiwa wadogo. Hawakuwa watu wa kuongeza miungu. Ndiyo maana inashangaza kwamba watu hao hao walijikuta wanamwita Yesu kwa jina walilokuwa wakimwitia Mungu. Tomaso alimtazama, akaziona alama za misumari, akamwita Bwana wake na Mungu wake. Stefano, mawe yakimwangukia, alimwomba Yesu aipokee roho yake, na Myahudi haikabidhi roho yake kwa mtu mwingine akifa. Petro alimwambia mtu aliyemdanganya Roho kwamba amemdanganya Mungu.

"Lakini Mwalimu," Bustan alisema, "neno lenyewe Utatu halimo. Nimelitafuta."

"Ni kweli, halimo. Lilikuja baadaye, kama jina la mtoto linavyokuja baada ya mtoto. Mtoto alikuwa amekwisha zaliwa. Watu walikuwa wanasali tayari, kwa Baba, kupitia Mwana, wakisaidiwa na Roho. Walipoketi kutafuta jina, walikuwa wanatafuta namna ya kusema kile walichokuwa wakikifanya wakipiga magoti."

Sidab alikuwa akiyabeba haya kidogo kidogo kurudi kijijini kwa Bibi, kama mtu anayebeba uji moto kwenye bakuli lililojaa. Siku moja alifika na uso mwepesi.

"Bibi alisema, 'Lakini Mungu hazai.' Nikamwambia, Bibi, nasi tunasema hivyohivyo. Hakuna mke, hakuna siku aliyoanza kuwa Baba. Nikamwambia Yohana anamwita Neno, aliyekuwako kwa Mungu tangu mwanzo. Akanywa kahawa yake yote. Kisha akasema, 'Hilo la neno ntalifikiri.'"

Tulifurahi siku ile kupita kiasi. Mama Maskati alipiga kigelegele mpaka upande wa pili wa ukuta wakanyamaza kusikiliza.

Sasa inanibidi nieleze desturi yetu moja, kwa sababu bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Sisi tunaofanya kazi majumbani na maofisini mwa watu tuna adabu yetu ya kusali. Tukiwa peke yetu, tunaanza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Tukiwa mbele ya wenyeji, tunafupisha. Tunasema "Mwenyezi Mungu", tunaomba tunachoomba, tunamalizia na amina, na kila mtu anaweza kuitikia bila kukwazika. Mama Maskati huiita sala ya ugenini. Hakuna aliyetufundisha. Kila aliyefika huku aliivaa mwenyewe, kama anavyoshusha mikono ya gauni akitoka nje. Hata mimi huitumia, wazazi wa wanafunzi wanaponiomba niwaombee watoto wao kabla ya mitihani. Sikuwahi kuiona kuwa na ubaya, na sijui kama ina ubaya. Ni kwamba tu sikuwahi kuifikiria.

Ugonjwa wa Bibi ulizidi, na wanawe wakaamua kumpeleka India kwa upasuaji. Asubuhi ya safari, masanduku yakiwa yamepangwa sebuleni na gari linanguruma nje, Bibi aliwekwa kwenye kiti cha magurudumu akakataa kusukumwa.

"Mwiteni mtoto wangu aniombee," alisema.

Sidab alitoka jikoni akijifuta mikono. Watoto wote wa Bibi walikuwa wamesimama, wanaume kwa kanzu, binti yake mkubwa amebeba dawa, na mjukuu mmoja ameshika simu.

"Kwa sauti," Bibi alimwambia. "Nisikie."

Sidab alinihadithia hali ilivyokuwa. Alifumba macho, akafungua mdomo kuanza kama anavyoanza kila alfajiri, akahisi wale watu wote wakimsikiliza. Akaogopa kumwaibisha Bibi mbele ya wanawe. Akasali sala ya ugenini. Akamwomba Mwenyezi Mungu amlinde mama huyu njiani, awaongoze madaktari, amrudishe salama. Wote wakasema amina, hata yule mjukuu. Ilikuwa sala nzuri, na aliitoa moyoni.

Bibi alifumbua macho akamtazama.

"Mbona leo umewaficha?"

"Nani, Bibi?"

"Wale wako. Kila siku unawataja, leo mbele ya wanangu umewaficha. Miye nilitaka ile yako khasa."

"Yalla, twende, Mama," mwana mkubwa alisema, "ndege haingoji."

Na kiti kikasukumwa.

Ijumaa ile hapakuwa na mzaha. Bustan alikaa ameinamisha kichwa. Mama Maskati alimshika Sidab mkono akamwambia, "Mwanangu, ulifanya adabu tu. Sote tungefanya hivyo." Ilikuwa kweli, na ndilo lililotuuma. Sidab alisema jambo moja tu: "Ameondoka anaamini ni watatu, na kwamba wawili wanafichika."

Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Tulikaa juma baada ya juma tukieleza kwamba Mwana na Roho si nyongeza, kwamba si wageni wawili waliokaribishwa pembeni ya Mungu. Kisha siku moja ya adabu tukawaondoa, kama mtu anavyoondoa vyombo vya ziada mezani, na Bibi akaona. Kinachoweza kuondolewa ili watu wasikwazike, lazima kilikuwa cha ziada. Akili yake ilikuwa ileile iliyolivunja yai. Hakukosea kuhesabu. Sisi ndio tuliompa hesabu ile. Na simlaumu Sidab hata kidogo, maana kama kuna mtu aliyekuwa na kazi ya kuona mwanya huo kabla, si yeye.

Majuma machache baadaye nilikuwa nashuka ngazi za uwanja wa makanisa pamoja na mwenzangu wa kazi, mama wa Kimisri anayefundisha Kiarabu shuleni kwetu na ambaye husali katika chumba kile cha pili. Alitangulia kufika chini, akageukia kanisa na kufanya ishara ya msalaba. Maneno ya mwanzo niliyaelewa hata kwa Kiarabu changu cha sokoni: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Lakini hakusimama hapo. Aliongeza kitu kabla ya amina.

"Hayo ya mwisho ni nini?" nikamwuliza.

"Yapi?"

"Uliyomalizia."

Akafikiri kidogo, kama mtu anayeulizwa amefungaje kiatu. "Ah. Mungu mmoja. Mungu mmoja, amina. Ndivyo tunavyosema."

"Siku zote?"

"Siku zote. Bibi yangu alinifundisha hivyo. Tumeishi na majirani Waislamu tangu zamani sana, wanatusikia kila siku. Sala haifiki amina kabla haijarudi kwa Mmoja." Akanitazama. "Kwani nyinyi hamsemi?"

"Hatusemi."

"Lakini habibti, mpenzi wangu, ni ukuta mmoja tu!"

Alicheka, na mimi nikajitahidi kucheka. Nilikaa kwenye ngazi. Masomo yote yale, Kumbukumbu la Torati na Yohana na Matendo, bado nayaona ni ya kweli na ya lazima. Wala maneno mawili hayabebi mzigo wote huo. Lakini Bibi hakuwa darasani. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, akisikiliza sala ya mtoto anayempenda, na sala ile ilikwisha kabla haijamfikia alipo. Watu wa kando yetu walikuwa wamelijua jibu kwa vizazi, wakilisema kila Ijumaa kwa sauti kubwa, nasi tukingoja wamalize ili tuanze kuimba.

Nilimpigia Sidab simu palepale. Alinisikiliza hadi mwisho, akarudia polepole, "Mungu mmoja, amina." Kisha akaniambia kwamba Bibi amerudi tangu jana. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini kiharusi kilimpata akiwa hospitalini kule. Hasemi. Hamjui mtu.

"Njoo umwone, Mwalimu," alisema. "Binti yake amesema unaweza kuja."

Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi. Nilikuwa nimemjibu maswali yake kwa miezi, nikijua mzaha wake na namna anavyokunywa kahawa, na sikuwahi kufika nyumbani kwake. Hilo nalo nalijutia. Ningeweza kupanda teksi Ijumaa yoyote. Nilidhani nafasi ipo, na kwamba mambo mazito yanataka kwenda taratibu.

Nilipofika nilimkuta ni mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani. Alilala ameegemezwa mito karibu na dirisha, nywele zake nyeupe zimesukwa vizuri, na nilijua ni mkono wa nani uliozisuka. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumtulia mtu. Sidab alikuwa na bakuli la uji. Binti mkubwa, mtu mzima anayekwenda kazini kwenye wizara, alisimama mlangoni na abaya yake, funguo za gari mkononi.

"Ndiye Mwalimu?" aliuliza. "Mama alikuwa akikutaja. Alisema huyo mwalimu wa huyu mtoto ana majibu marefu."

"Ni kweli," nikasema. "Alikuwa na haki."

Alitabasamu. Kisha akamwambia Sidab, "Endelea, usitujali. Mwombee kama unavyomwombea."

Sidab aliweka kijiko chini. Nilimwona akitutazama, mimi, kisha binti, na nilijua amesimama katika njia panda ipi. Akapiga ishara ya msalaba, akaanza kwa sauti ya kawaida, ile ambayo ukuta wa nyumba ile ulikuwa umeizoea.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mungu mmoja. Amina."

Akaomba kwa maneno machache, usingizi mzuri, tumbo litulie. Alipomaliza, binti alikuwa bado mlangoni.

"Hilo la mmoja," alisema, "ulikuwa ukilisema siku zote?"

"Hapana, Dada. Nimefundishwa juzi."

Binti aligeuza funguo mkononi mwake. "Mama angelipenda hilo," alisema. "Angekusumbua nalo wiki nzima." Akatoka, na baada ya muda tukasikia gari likiondoka.

Nilitaka kusema jambo la kutia moyo, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Wanafunzi wangu wanajua kwamba hata hesabu ikikosewa kabisa, huwa natafuta mstari mmoja uliokuwa sawa nikautia alama. Nilimwambia Sidab kwamba ameomba vizuri. Alinishukuru bila kugeuka. Alikuwa amechota uji, anaupuliza, amemwinamia Bibi hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Ndiyo ile yangu, Bibi," alimwambia. "Hiyo ndiyo yote."

Bibi akafumbua mdomo, akangoja kijiko.